Msoma Mita Aliyeyajua Majiko ya Kom Nawras

Mwenzangu, kabla hujafika mstari wa pili, tafadhali niahidi. Yaliyomo humu usimwambie Ami Nagati mpaka Alhamisi tarehe 24 Aprili, saa saba mchana, atakapoitwa mbele kwenye hafla ya kumuaga. Usiiache karatasi hii kwenye meza ya chai. Usimsomee mkeo kwa simu ukiwa koridoni, maana Ami ana masikio. Na ukimkuta mama yangu dirisha la kwanza akilipa bili, msalimie tu umwache aende zake. Kuna mambo humu hajayasikia, na nataka ayasikie kwangu.

Siku hiyo Bwana Nagati Abdelmawgud, ambaye tawi zima la shirika letu la umeme linamwita Ami Nagati, atakuwa ametimiza miaka sitini ya umri na miaka thelathini na sita ya kusoma mita katika kitongoji chetu cha Kom Nawras, nje ya Iskandaria. Niliagizwa niandike wasifu wake wa nusu ukurasa, na nisitaje bili za Januari. Nimejaribu mara nne. Bila bili za Januari wasifu huo unakuwa wa mtu mwingine.

Alipoajiriwa alipewa njia nambari kumi na saba, ya nyuma ya soko la samaki, kwa sababu wakubwa zake wote walishaikataa. Njia hiyo ni majiko tu, ya migahawa midogo. Watu wa Kom Nawras hula mbele, barabarani, lakini mita ziko nyuma: juu ya sinki, kando ya tanuri, kwenye ukuta unaotoka jasho la mvuke. Msoma mita hupita uchochoroni, hupiga hodi kwenye mlango ambao mteja hajawahi kuuona, na huwakuta wapishi kabla hawajavaa aproni safi.

"Wenzangu waliona mafuta na mbwa," aliniambia. "Mimi niliona vifuniko vya sufuria vikicheza."

Daftari la msoma mita lina safu ya maelezo. Ni ya kuandikia mita imepasuka, mlango umefungwa, mbwa hajafungwa. Ami aliyaandika hayo yote kwa uaminifu, kisha akawa anaongeza. Kwa Abu Wadi, aliyekuja kutoka Latakia akafungua meza nne nyuma ya gereji, aliandika: "Mita nzima. Samaki wa rojo la ufuta. Agiza mkate wa pili kabla hujamaliza wa kwanza." Kwa Kyria Evdokia, mama wa Kigiriki mwenye kijumba cha kuuzia chakula kando ya duka la dawa: "Waya wa juu umechakaa, nimemwambia. Ngisi wake hawana mpinzani, hilo sikumwambia." Kwa Bi Mabruka, anayepika kuskusi ya samaki sebuleni kwake siku ya Jumanne tu: "Mlango ulifungwa. Harufu ilikuwa wazi."

Maneno hayo hakuyaandikia shirika. Aliyaandika kwa ajili ya mkewe, Bi Ihsan, ambaye magoti yake yamekataa ngazi tangu zamani, na wanakaa ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Kila jioni Ami humsomea safu ile ya maelezo, nyumba kwa nyumba, naye Bi Ihsan huchagua. Ijumaa Ami hupanda ghorofa tano na sufuria imefungwa kwa taulo. Kwa njia hiyo mama yule amekula Kom Nawras nzima bila kukanyaga barabara.

Ana sharti moja ambalo halijavunjika kwa miaka thelathini na sita. Anasoma kwa mlango wa nyuma, anakula kwa mlango wa mbele. Akiwa na daftari mkononi haonji hata chumvi. Wapishi wamemsogezea vijiko hadi puani. Jibu lake ni moja: "Mama, kijiko cha kazini ni mtoto wa hongo. Nitarudi Ijumaa na njaa yangu mwenyewe."

Wazee wa tawi wanakumbuka pia mwaka ule bomba lilipopasuka kwa Kyria Evdokia, maji yakapanda hadi kwenye kisanduku cha umeme huku wateja kumi na tisa wakiendelea kula. Ami alizima swichi kuu, akawatoa wote hadi kwenye ukingo wa barabara, na sahani zao. Alikuwa anapiga kelele, "Kuleni, jamani, kuleni! Umeme ndio umekatika, si meno!" Mafundi walipofika walidhani wamekosea anwani wakaingia harusini. Shirika lilimpa saa ya ukutani. Kyria Evdokia alitaka ngisi wake waitwe kwa jina la Ami, naye Ami akamsihi asifanye hivyo.

Sasa bili za Januari.

Mimi niliingia chumba cha kompyuta mwezi Novemba, kwa kipindi cha majaribio cha miezi sita. Siku ya kwanza niliambiwa sentensi moja: andika kila kilichomo daftarini, usiongeze, usipunguze. Aliyekuwa kwenye kiti kile kabla yangu, Bi Fawqiya, alikuwa akiyaruka maneno ya chakula kwa miaka mingi, lakini alistaafu wiki moja kabla sijafika na hakuna aliyenieleza. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Niliandika kila kitu. Nilisahihisha hata nukta zake. Bili za njia ile hutoka kila miezi mitatu; Januari mashine ikachapa, na bili zikapelekwa. Kila jiko la njia ya kumi na saba likapata matumizi yake ya umeme na, chini yake, kwenye safu ya maelezo, hukumu ya chakula chake, juu ya karatasi yenye muhuri wa shirika.

Abu Wadi alikuja mbio hadi kaunta na bili mkononi. Tulidhani anagomba. Alitaka nakala ya pili, kubwa zaidi, ya kutundika. Siku chache baadaye ilikuwa dirishani kwake ndani ya fremu, na majirani wakaanza kutundika zao. Watu wa majengo mapya, ambao Ijumaa hufunga safari hadi katikati ya Iskandaria kutafuta chakula, walianza kupita nyuma ya soko wakisoma bili za umeme madirishani. Sabri wa stoo alirudi kutoka chakula cha mchana siku moja ameshika kichwa. "Miaka ishirini nakula maharage ya pale mlangoni," alilia, "kumbe pepo iko nyuma ya gereji, na huyu mzee anajua, ananyamaza!"

Lakini bili ya Bwana Ghandur, mwenye mgahawa mkubwa wa vioo kwenye barabara ya pwani na mita nyuma, kwenye njia hiyohiyo, ilisema: "Mita nzima. Bamia imechoka kuliko mpishi."

Bwana Ghandur aliipiga ile bili juu ya kaunta. "Tangu lini umeme unaonja bamia? Niliomba taa, sikuomba ushauri!" Kisha akasema neno baya zaidi. Alisema mzee huyu anawasifia wanaomlisha bure. Aliyaandika hayo, akatia saini, na tawi likalazimika kuunda kamati.

Kamati ilimuuliza Ami nani aliamuru maneno yale yachapwe. Chumba cha kompyuta tuko watatu, na sote watatu tulikuwa tumesimama ukutani. Ami hakututazama. "Mimi," alisema. "Mwandiko wangu, daftari langu, ulimi wangu. Niliwaagiza watoto hawa wachape. Wangemkataliaje mzee?"

Haikuwa kweli. Hakuniagiza kitu. Mpaka siku ile hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu.

Shutuma ya kula bure ilianguka yenyewe. Wapishi kumi na wanne walikuja kuapa kwamba hajawahi kupokea hata zeituni, na mmoja alilalamika mbele ya kamati kwamba anadharauliwa. Lakini kwa kuamuru maneno yale yachapwe, Ami alipewa onyo la maandishi. Ninyi mnajua maana yake. Mstaafu mwenye onyo katika faili lake haitwi mbele na hapewi cheti cha heshima. Anakunywa chai, anakata keki, anarudi nyumbani. Miaka thelathini na sita bila siku moja ya utoro, na faili linafungwa kwa ukurasa ule.

Nilimfuata koridoni nikitaka kukiri. Aliniwahi. "Binti, una miezi mingapi hapa?"

"Miwili na nusu, Ami."

"Mimi nimebakiza michache. Anayetoka hubeba takataka. Nenda kaandike namba zako."

Nikaenda nikaandika namba zangu. Nilinyamaza Februari, nikanyamaza Machi. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafuturu kwa Abu Wadi na bili ile iko juu ya kichwa changu. Nilijiambia kwamba mimi ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kuvaa kitambulisho cha shirika, kwamba mama amewaonyesha majirani wote, kwamba majaribio yangu yanaisha mwisho wa Aprili na baada ya hapo nitasema. Ami anastaafu tarehe 24. Kila mtu anaweza kufanya hesabu hiyo, na mimi ni karani.

Jumapili ya wiki hii niliandika barua nikampelekea mkurugenzi wetu, Mhandisi Wagdi. Aliisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

"Miezi mitatu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naogopa, Mhandisi."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi."

Alivua miwani, akaniuliza kwa nini sikumuuliza mtu kabla ya kuchapa kwamba samaki wa fulani anahitaji ndimu. Nikajibu kwamba niliambiwa nisipunguze. Akavaa miwani tena, akaiinamia barua. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, lakini sina uhakika, na sitaki mseme kwamba nimesema.

Uamuzi wake ni huu. Onyo limetoka katika faili la Ami Nagati na limeingia katika langu. Alhamisi ataitwa mbele kama wastaafu wengine wenye heshima, na cheti chake kimeshatiwa saini. Nimekiona kwa macho yangu, jina limeandikwa bila kosa, nimehakiki herufi kwa herufi. Mimi sifukuzwi. Natolewa chumba cha kompyuta, naongezewa miezi sita ya majaribio, na kuanzia Jumapili ijayo nasoma mita njia nambari kumi na saba.

Ami hajui lolote kuhusu barua. Ameambiwa tu kwamba mimi ndiye nitakayeshika njia yake. "Wamekuleta wewe?" alisema akinitazama viatu. "Mbwa watafurahi." Siku mbili hizi amenipitisha mlango kwa mlango. Amenionyesha ngazi gani inateleza, nani apigiwe hodi kwa sauti kwa kuwa ana mafuta motoni na hapendi kushtuliwa, na mbwa yupi wa Bwana Ghandur anabweka tu na yupi hasubiri kubweka. Kwa kila mpishi alisema maneno yaleyale: "Huyu ndiye mimi kuanzia Jumapili. Msimlishe, ana kazi." Jana tulipita jiko ambalo hata yeye hakuwahi kuliona, limefunguliwa mwezi huu na mabinti wawili kutoka mji wa Damietta katika chumba kilichokuwa cha kufulia. Alisimama mlangoni kama mtoto. Kisha akanipa kalamu. "Andika wewe," alisema. Nikaandika: "Mita mpya. Bata wa kitunguu." Akasoma, akasema nimesahau kutaja pilipili manga.

Basi Alhamisi, wenzangu, njooni mmeshinda na njaa. Wapishi wa njia ya kumi na saba watapitisha vyombo geti la stoo saa sita na nusu. Sabri ana ufunguo. Bi Ihsan atakuwepo. Mafundi wanne wa nyaya wamejitolea kumshusha ghorofa tano juu ya kiti, na mwenyewe ametuma neno kwamba wakimwangusha ataanza na samaki wa Abu Wadi, halafu atawashughulikia wao.

Ami Nagati, karatasi hii itafika mkononi mwako ukiwa umeshapokea cheti, na huenda umeshanikasirikia. Tawi zima linakushukuru kwa kazi safi, kwa wateja waliotoka salama na sahani zao, na kwa kutufundisha kwamba tulikuwa tunaishi katikati ya karamu tukidhani ni kitongoji cha kulala tu. Mimi nakushukuru kwa lile ulilolibeba bila kuombwa. Tunakuombea mapumziko yenye afya, wewe na Bi Ihsan, magoti yake yapate nafuu, na kila Ijumaa yenu iwe na uchaguzi mgumu.

Ukitaka kunigombeza, na najua utataka, usinitafute chumba cha kompyuta. Kiti changu kitakuwa na mtu mwingine. Jumapili saa mbili na nusu nitaanzia kwa Abu Wadi. Saa nne nitakuwa kwa Kyria Evdokia, ukutani kushoto. Kabla ya adhuhuri pita uchochoro wa tanuri la mkate, nyumba yenye mlango wa kijani, pale mita iko juu kupita kiasi. Usipige simu, mikono yangu itakuwa imeshika ngazi. Simama chini, uniite kwa jina langu, Radwa. Nitashuka.