Ahadi ya Daktari Siahidi

Ndugu waombolezaji, kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Daktari Siahidi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama mkunga, na tangu utoto alikuwa mbishi, mtu wa kutaka kujua jambo mpaka mwisho wake.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1971, akaingia sekondari mwaka 1978, kisha chuo cha udaktari, alikohitimu mwaka 1990, na mwaka huohuo akaajiriwa katika hospitali ya mkoa, ambako hakuhama tena, akapanda hadi kuwa mkuu wa wodi ya wagonjwa mahututi. Jina la Siahidi alipewa na ndugu za wagonjwa, maana walipomuuliza kama mtu wao atapona, aliwajibu kwamba tutajitahidi, siahidi, na wapo waliomnunia.

Tarehe 6 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hata kuwapeleka kuogelea Jumapili alikuwa hawaahidi, ingawa kwenda walikwenda.

Mwezi Aprili 2019 alianza kukohoa, akajitibu mwenyewe, kama wafanyavyo madaktari, akaendelea kuzungukia vitanda huku homa inamchoma, hadi tarehe 29 muuguzi mkuu alipomkalisha kwa nguvu, akambana kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, akakisoma, akaita machela bila kumwomba ruhusa. Alilazwa katika wodi yake mwenyewe, akawekewa mpira kooni na mashine ya kumpumulia, na hakubaki na la kufanya ila kusikiliza, kwani wenzake walisimama miguuni pake wakijadili hali yake jinsi alivyowafundisha, kwa lugha ambayo mgonjwa mwingine angeiacha ipite, lakini yeye alielewa kila neno. Mpira ulipotolewa, alimwambia mkewe kwa sauti ya kukwaruza kwamba aliogopa sana, na kwamba udaktari wote ule haukumsaidia kitu pale kitandani.

Tarehe 20 Mei pumzi ilimwishia tena, akaomba aoneshwe picha ya mapafu yake, akaitazama, akamrudishia daktari kijana aliyeileta, na walipokuwa wakijiandaa kumlaza usingizi ili arudishwe kwenye mashine, shemeji alimshika mkono akamuuliza kama atarudi nyumbani, naye akamjibu kwamba atarudi, anaahidi. Alifariki tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, bila kuamka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote, muuguzi mkuu kwa ukali wake, majirani waliokaa na mabinti, na wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao. Kwa namna ya pekee, na shemeji ndiye aliyetaka hili lisomwe, tunamshukuru yule daktari kijana, mwanafunzi wa marehemu, aliyekuwa amesimama pale na ile picha mkononi, akaisikia ahadi ile, akijua alichokijua mwalimu wake, akanyamaza, na shemeji akarudi nyumbani na moyo mweupe, akatandika mashuka safi, akapata usingizi.

Kaka, pumzika kwa amani, hakuna anayekudai.