Fundo la Bibi Karoti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo, tusije tukalaumiana. Leo tunamkumbuka mwokaji aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mitano. Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Alikuwa Bibi Karoti.

Jina alipewa na keki yake ya karoti. Alioka nyumbani, kwenye oveni kuukuu ambayo mlango wake haukufungika mpaka uegemezwe kigoda. Alioka keki, mkate wa boga, pai za mchicha. Mboga zote zilitoka uani kwake, hatua kumi na moja kutoka mlango wa jikoni. Na sheria yake ilikuwa moja: oveni ipate moto kwanza, ndipo mboga ing'olewe. Jirani yake, fundi viatu, aliwahi kumpelekea karoti za sokoni kama zawadi. Bibi alishukuru kwa moyo wote, kisha akaenda kuwapa sungura wa huyohuyo fundi.

Sasa, miaka saba iliyopita presha ya macho ilimchukulia nuru. Yote, wasikilizaji wapendwa. Hakuona hata mwanga wa dirisha. Mimi ningejilaza kitandani nikangoja kuletewa uji. Yeye alitafuta kamba, akaifunga mlangoni, akaipitisha kandokando ya matuta na kuipiga mafundo. Fundo la kwanza, mchicha. La pili, karoti. La tatu, bitiruti. Akaendelea kuoka.

Binti yake wa pekee ni muuguzi, na majeraha ya moto anayaona kila siku kazini. Roho haikumtulia. Alitaka mama ahamie kwake, ghorofa ya nne, mahali pasipo na udongo hata wa kuchafua kucha. Mama hakutaka kusikia. Walivutana mwaka mzima, mwishowe wakakubaliana hivi: mama aoke keki moja ya karoti peke yake, binti akae akunje mikono. Keki ikiharibika, mama anafungasha. Ikifaulu, habari ya ghorofa isitajwe tena.

Wiki hiyohiyo kamba ilikatika. Aliyeifunga upya ni binti, na kwa haraka zake akasahau fundo moja, lile la karoti.

Siku ikafika. Bibi akawasha oveni, akatoka, akapapasa kamba. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Akainama. Alikuwa kwenye tuta la bitiruti. Binti alikuwa dirishani, akaona, akaelewa kosa ni la nani. Hakusema kitu.

Nilimwuliza kwa nini. Hakunizungusha. "Nilitaka ashindwe," aliniambia. "Nilikuwa naogopa nitakuja kumkuta ameungua. Nikasema moyoni, afadhali iungue keki."

Bibi aling'oa, akaosha, akamenya, akakwaruza hadi viganja vikawa vyekundu. Akatia ganda la limau, kitu ambacho hakuwahi kutia kwenye keki ya karoti. Akapunguza maziwa. Binti alishangaa, na bado alinyamaza. Keki ilitoka nyekundu, imeumuka vizuri, laini. Mama akakata kipande cha kwanza akamwekea binti yake mezani.

"Majani ya karoti ni membamba, mwanangu," alisema. "Ya bitiruti ni mapana. Nilijua tangu nilipoyagusa. Nilikuwa nasubiri useme."

Binti alilia. Mama akamwambia ale kwanza, kulia kutafuata, maana keki ilikuwa bado ya moto. Naye alikula huku machozi yanamtoka, na anakiri kwamba hajawahi kula keki tamu kama ile.

Hakuhama. Narudia, Bibi Karoti hakuhama. Alioka miaka sita mingine bila kuungua hata kidole. Harusi za mtaa zikaanza kuagiza ile nyekundu. Fundi viatu akapendekeza jina libadilishwe, awe Bibi Bitiruti, akajibiwa kwamba hilo ni jina la mtu mwenye kikohozi.

Muuguzi, dada yetu, pole sana. Poleni ndugu, majirani na wote mliokula mezani kwake. Asante, dada, kwa kuniruhusu kulisema jambo ambalo wengi wangelificha. Umenisisitizia nilisimulie lote, na nimejitahidi.

Nawe unayesikiliza, huenda una mzazi ambaye mikono yake imeanza kutetemeka, na tayari umempangia chumba. Kabla hujamwondoa jikoni kwake, kaa, kunja mikono, umtazame anavyofanya kazi. Akikosea, usinyamaze ili upate ushindi. Mwambie. Huenda ameshajua, na anachosubiri ni sauti yako tu.