Kilo Sitini na Mbili za Bi Kheiria

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Bi Kheiria binti Sleyum wa mtaa wa Azaiba, aliyetutoka wiki mbili zilizopita. Bi Kheiria, mwalimu wa hesabu. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa msichana mdogo, na akasomesha watoto wa mji huu miaka ishirini na minane.

Mwaka juzi alitokwa na mtoki shingoni, uvimbe wa tezi. Haukuuma, akaupuuza. Madaktari walipoukata na kuupima, wakaona ni limfoma, saratani ya tezi. Akaanza dripu za dawa ya saratani hospitalini, kila baada ya wiki tatu.

Na kila safari alipanda mizani. Kilo sitini na mbili. Safari ya pili, sitini na mbili. Ya tatu, sitini na mbili. Mwanawe wa pekee, Badr, akawa anawapigia simu jamaa kuwaambia mama hajapungua. Nyumba nzima ikapumua.

Aliyejua mengine ni mmoja tu. Namazzi, msichana wa Kiganda aliyekuwa akimsaidia nyumbani. Yeye ndiye aliyerudisha sahani jikoni zikiwa zimejaa. Yeye ndiye aliyemshika kwapani ili ainuke kitini. Bi Kheiria alikuwa amemuapisha asimwambie mtu.

Namazzi ametusimulia kuwa aliogopa. Akisema, atamuudhi mwajiri wake. Akinyamaza, atamzika. Safari ya nne, mtaalamu wa lishe, Kawthar, aliuliza Bi Kheiria anakula vipi. Badr akajibu anakula vizuri.

Namazzi, aliyefuatana nao, akasema, "Hapana, kaka Badr. Mama hali kitu. Ni siku kumi sasa, chai tu."

Kawthar akamzungushia Bi Kheiria tepu ya kupimia mkononi. Akampa kifaa cha kuminya kwa kiganja, cha kupimia nguvu, mshale ukasogea kidogo tu. Akampima kwa mashine inayotenganisha maji, mafuta na nyama ya mwili. Nyama ilikuwa imepungua kilo tano tangu kipimo cha mwanzo. Maji yaliyojaa miguuni ndiyo yaliyoziba pengo. Kilo zilikuwa zile zile sitini na mbili, wasikilizaji. Mwili haukuwa ule.

Bi Kheiria alimnunia Namazzi siku mbili. Siku ya tatu Badr akamuuliza mama yake kwa nini alificha.

"Mnakaa mnanitazama nnavyotafuna, kama nnafanya mtihani," akajibu. "Hapana hata mmoja anayekula na mimi."

Badr anasema maneno hayo yalimkata maini. Tangu hapo akawa anatoka kazini mchana kuja kula naye. Mayai, samaki, uji wa maziwa, kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Namazzi naye akisimama mbele yake, akimhesabia anavyoinuka kitini bila kushikwa. Mara tatu. Mara tano. Mwishowe mara kumi. Siku ya dripu ya mwisho, Bi Kheiria alitembea mwenyewe hadi garini.

Akapata miezi tisa mizuri. Kisha maradhi yakarudi, na safari hii hakuna dawa iliyoyaweza. Siku chache kabla hajafariki alimwita Namazzi, akamtaka radhi.

"Nilikununia, mwanangu," akamwambia, "na wewe ndiye uliyeniona."

Kwa Badr, kwa Bi Manal, dada wa marehemu, na kwa Namazzi: poleni sana. Mola amrehemu Bi Kheiria, na nyinyi awape subira.

Na sisi tulio na wagonjwa majumbani, tuwaulize leo wamekula nini. Tuwaulize wenyewe. Kisha tunyamaze, tungoje watujibu.