Simu Isiyorudi Kuuliza

Veikko hakatai kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Alipanda tramu, gari la reli la mjini, pale Tampere nchini Ufini akiwa mwepesi wa moyo, maana asubuhi alikuwa amesahihisha kosa lake la ratiba kwenye tovuti anayoitunza ya sauna, bafu la mvuke la mtaa: Jumanne ni ya wanawake, si ya wanaume.

Kwenye kiti cha mbele, mzee mwenye taulo begani alikuwa anamwonyesha simu mama aliyeketi kando yake. "Soma mwenyewe, mama. Jumanne, wanaume! Wiki iliyopita niliingia kwa haki yangu, nikamwagiwa ndoo ya maji baridi."

"Ndoo ilikuwa yangu," mama akasema. "Leo umevaa nguo, ndiyo maana sikukutambua. Na simu yangu inasema wanawake."

"Basi simu yako inaongopa. Nakwenda hivi hivi!"

Veikko akaona mzee anakwenda kuogeshwa tena, ikabidi aungame. Kabla ya kusahihisha ratiba, kwenye mipangilio ya seva, kompyuta inayotuma kurasa za tovuti, alikuwa ameongeza mstari unaotangulia kila ukurasa. Mtu hauoni, simu ndiyo huusoma: tunza nakala hii mwaka mzima, usirudi kuuliza. Simu ya mzee ilitii, ikabaki na ratiba ya zamani yenye kosa; ya mama ilifungua tovuti leo tu.

"Nimeshaufuta," alijitetea, "ila simu iliyokwisha kuusoma haiulizi tena. Lakini mstari wenyewe niliuandika sawasawa. Seva haikulalamika hata kidogo!"

Tramu ikasimama. Mama akainuka na mkoba wake.

"Hata huyu mzee alivua nguo sawasawa, mwanangu. Balaa lilianza alipofungua mlango."