Mama Pumua na barua ya sahihi arobaini na moja

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwanasaikolojia wetu mkuu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hiyo miezi minne ameisisitiza mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilipotaka kuiacha ili hesabu ikae vizuri, aliwakumbusha kwamba miezi hiyo alifanya kazi akiwa hana hata kiti, kwa hiyo isipotee bure.

Kwenye hati zake ana jina kamili na vyeo vinavyojaza mistari miwili. Sisi tunamwita Mama Pumua, naye anaitika. Jina alipewa na wagonjwa, kwa sababu mtu akiingia chumbani kwake mbio mbio, kabla hajamaliza salamu ameshaambiwa akae, ateremshe mabega, apumue. Aliwahi kutupumulisha sote kwenye mkutano wa watumishi, mhasibu wetu akalala fofofo na mkutano ukaisha bila yeye. Mpaka leo mhasibu anasema haujawahi kutokea mkutano mzuri kama ule.

Alianzia stoo. Chumba namba kumi na nne kilikuwa kimejaa magongo mabovu na vitanda visivyo na magurudumu, akaambiwa akitumie kwa muda tu. Ndio huo muda tunaouaga leo. Alisukuma magongo upande mmoja, akaweka meza na viti viwili vyenye urefu sawa, maana alikataa katakata kukaa juu kuliko mgonjwa. Kwenye kona akatandika mkeka, na mkeka ukazua maneno. Wapo waliosema ni wa kulalia mchana. Ulikuwa wa kukaa kimya, na waliosema sana ndio waliokuja kuutumia kuliko wote.

Siku hizo kila idara ilikuwa na kipande chake cha mgonjwa. Akili zilikuwa za mwanasaikolojia, tumbo la daktari, na roho ilirudishwa nyumbani na ndugu. Mama Pumua akatunga fomu yake yenye maswali matatu ya mwanzo: unakula nini, tena unakula na nani, unalalaje, na ukibaki peke yako, unamwelekea nani? Daktari mmoja alimuuliza kama amefungua kliniki au nyumba ya ibada. Akamjibu kwa bashasha kwamba yeye bado hajaletewa mgonjwa akiwa vipande vipande, siku akiletewa atatafuta fomu nyingine.

Hakumsukuma mtu kwenye dini yoyote wala kumtoa kwenye ya kwake. Mwenye kusali alisali kwa namna yake, na asiyesali alikaa akasikiliza pumzi zake, na wote wawili aliwaandikia maendeleo yao kwenye faili kwa kalamu ileile. Wala hakuruhusu sala au mboga zichukue nafasi ya dawa. Hapo alikuwa mkali kama pilipili. Mwanzoni mwa kazi yake alimshauri fundi cherehani mmoja kwa miezi minne mizima kuhusu huzuni na uchovu, kumbe mwanamke wa watu alikuwa amepungukiwa damu. Mama Pumua alimwomba radhi uso kwa uso, na tangu siku hiyo akawa na amri moja isiyojadiliwa: damu kwanza. Ukitaka kumwambia mtu tatizo lake liko kichwani, onyesha kwanza karatasi ya maabara.

Akiwa na miaka arobaini na miwili aliamua kusomea lishe, na hapo ndipo nami naingia. Mimi ni mtaalamu wa lishe wa hospitali hii, na wakati ule nilikuwa nafundisha chuoni kila Jumamosi. Alikaa mstari wa mbele na daftari lenye jalada la maua, akauliza maswali hadi nikawa naanza kuandaa somo la Jumamosi siku ya Jumatano. Alimaliza akiwa wa kwanza darasani. Kupika hajui hata leo. Mumewe, ambaye ni fundi saa na mtu wa vipimo, anasema mkewe anaweza kukutajia kila kirutubisho kilichomo ndani ya yai, ila hawezi kukuambia limeiva lini.

Matunda ya kazi yake mnayaona mkitembea tu. Fomu iliyochekwa inatumika wodi zote. Kuna chumba cha utulivu chenye madirisha makubwa mahali palipokuwa na majenereta mabovu. Nyuma ya wodi ya wanaume kuna bustani ya mboga, wagonjwa wanapalilia wenyewe na kugombania zamu ya kumwagilia. Washauri hamsini na wanane wamepita mikononi mwake, na ukimkuta mmoja wao hospitali yoyote utamjua, kwa sababu kabla hajakuuliza shida yako atakuuliza umekula nini. Tunajivunia haya yote, tena bila aibu.

Lakini mimi ukiniuliza ninajivunia nini hasa, nitakutajia jambo ambalo halimo kwenye faili lake. Linamhusu yeye na mpishi wetu mkuu, na mpishi mwenyewe ameniruhusu kulisimulia. Amesema nisipunguze kitu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita chakula cha hospitali kiliharibika. Jumatatu maharage yalikuwa na chumvi hayalambiki, Jumanne hayakuwa na chumvi hata chembe. Watu husema mzee ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Sisi tulizeeka kwa wiki tano. Tungecheka yakaisha, ila sahani za wodini nazo zilianza kurudi zimejaa, na mgonjwa asiyekula haponi. Mpishi alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwimbaji, anayejulikana kwa sauti kabla hujamwona. Sasa alikuwa kimya. Ukimuuliza alijibu, “Chakula ni kilekile,” akageukia sufuria lake.

Ikaandikwa barua kwa uongozi. Ilisema mpishi amepuuza kazi, anahatarisha wagonjwa, aondolewe. Ilizungushwa korido hadi korido na watumishi arobaini na mmoja wakatia sahihi. Mama Pumua alikuwa wa tatu. Alitia sahihi amesimama, faili kwapani, bila kuisoma mpaka mwisho. Mpishi, baada ya miaka ishirini na miwili jikoni, akapewa notisi ya wiki mbili.

Mchana wa siku hiyohiyo Mama Pumua alikaa mezani na sahani yake, kijiko kikaishia njiani. Huwa anawasimulia washauri wapya dakika hiyo ili wasije wakajiona wajuzi. Kwa wiki tano nzima alikuwa amekula chakula kile, akakunja uso kama sisi, na hata siku moja hakumuuliza anayekipika swali analomuuliza kila mtu: wewe mwenyewe unakula nini, na unakula na nani?

Aliacha sahani akaenda ofisi ya katibu wa hospitali kuomba jina lake lifutwe. Katibu akamwambia barua imeshagongwa muhuri, haifutwi kitu. Basi akaomba kalamu. Kando ya sahihi yake akaandika, “Nilikosea. Naomba wiki sita.” Katibu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikubali kwa sharti kwamba wiki sita zikiisha na sahani bado zinarudi, mpishi anaondoka, na mwanasaikolojia anapata barua ya onyo kwa kuingilia uamuzi wa uongozi. Mama Pumua akasema sawa. Wakati huo alikuwa anangoja kupandishwa cheo, na barua ya onyo ingekizika cheo hicho moja kwa moja.

Asubuhi iliyofuata aliripoti jikoni na aproni. Hakuuliza swali lolote. Alimenya viazi, na alivimenya vibaya hivyo hivyo, kiazi cha ukubwa wa ngumi kinatoka kama gololi. Siku ya nne mpishi uzalendo ukamshinda. Akampokonya kisu, akamwonyesha namna ya kushika, na huku anamwonyesha akaanza kuongea.

Mkewe alikuwa amefariki miezi saba kabla. Tulijua, wote tulijua, tulikwenda kuzika na tukarudi kazini. Alichukua siku tatu za ruhusa akarudi kwenye masufuria, nasi tukadhani yameisha. Tangu siku ile chakula kilimpotea ladha kidogo kidogo, hadi kikawa kama karatasi mdomoni, kwa hiyo aliacha kutia. Mtu aliyewapikia watu mia tatu alikuwa anaishi kwa chai ya rangi. Chumvi alikuwa anaimwaga kwa kukisia, na mara nyingine hakumbuki kama ameshamwaga. Na ile dua fupi aliyokuwa anaisema kila asubuhi kabla ya kufunika sufuria kubwa, alikuwa ameiacha. Maneno yake alifundishwa na mkewe, na kila akiyaanza alikuwa hayamalizi.

Damu kwanza. Mama Pumua alimpeleka maabara siku hiyohiyo, amemshika mkono kama mtoto. Majibu yalionyesha upungufu wa damu na wa madini ya zinki, ambao wenyewe tu unatosha kumpokonya mtu ladha. Daktari akampa dawa. Mimi nikaitwa nipange chakula chake. Na kila siku saa nane mchana, watu wakishakula, Mama Pumua alikaa naye mwisho wa meza ya jikoni, sahani mbili, vijiko viwili. Wiki ya kwanza walikula vijiko vitatu vitatu. Ya pili wakafika saba. Wakimaliza, walikaa kimya dakika tano kando ya sufuria kubwa. Hakumfundisha kusali. Alikaa tu pale hadi mwenyewe siku moja akaanza kunong'ona, akafika katikati, akalia, akaendelea mpaka mwisho.

Katika wiki ya tano, siku ya Alhamisi, mpishi alichota mchuzi kwa upawa, akaonja, akakunja uso. “Mungu wangu, hii chumvi!” akafoka. “Nani kapika uchafu huu?” Alikuwa amepika yeye. Jiko zima lilipiga makofi, na Mama Pumua alikaa juu ya gunia la viazi akacheka hadi machozi. Wiki ya sita katibu alikuja kula mwenyewe. Aliongeza sahani ya pili, na barua ikafungiwa kabatini. Cheo cha Mama Pumua kilikuja mwaka uliofuata. Wimbo jikoni ulirudi mapema zaidi.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri. Lakini kamati iliponichagua niandike wasifu huu nilikosa raha siku tatu, kwa sababu ile barua niliiandika mimi. Si kutia sahihi tu. Niliitunga neno kwa neno, nikainakili kwa mkono wangu, kisha nikatia sahihi ya kumi na tisa, katikati ya wengine, ili isijulikane imeanzia wapi. Nimekaa kimya miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo yote nimekula kwa mkono wa mpishi yule.

Jana niliteremka jikoni kumwambia, kabla hajasikia ikisomwa mbele ya watu. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Aliendelea kukoroga. Kisha akasema anajua tangu siku katibu alipomwekea ile barua mezani. “Dada yangu, ratiba ya chakula nani anaiandika? Mwandiko wako uko ukutani kwangu kila Jumatatu.”

Akaniambia siku ile alitaka kunifuata ofisini na upawa mkononi. Alimweleza Mama Pumua, naye akamwambia, “Mwache. Atakuja mwenyewe.” Kila mwaka mpya unapoanza mpishi humuuliza kama nimeshakuja, na kila mwaka jibu lake ni lilelile: bado, mpe nafasi. Na miaka yote hiyo Mama Pumua alipita mlangoni kwangu kila asubuhi, akanisalimia, akaniuliza nimekula nini. Hakuwahi kunitazama vibaya wala kunidokeza chochote. Nilidhani nimejificha, kumbe nimesubiriwa.

“Umechelewa,” mpishi akaniambia jana, akipakua. “Lakini umekuja. Vuta kiti.” Nilivuta kiti, nikala, nikalia, na sikuona haya.

Mama Pumua, kwa niaba ya hospitali nzima, asante kwa kila uliyemkalisha, uliyemlisha na uliyemsubiri. Mumeo tunamrudishia mke wake akiwa mzima, ila jikoni kwake asimruhusu. Tunakuombea usingizi mzito, asubuhi zisizo na kengele, mezani watu wa kula nao, na utulivu ule uliotugawia kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Nenda salama, ukaishi vizuri.

Nami nimekuja, Mama.