Basi Halimngoji Mtu: Bu Wuri Anapostaafu

Ifikapo tarehe 31 Julai, Bu Wuryaningsih atatimiza miaka thelathini na mbili ya kupanga mageuzi ya usafiri wa nchi yetu ya Indonesia. Jina hilo refu halitumiki ofisini. Kwetu yeye ni Bu Wuri, yaani Mama Wuri. Tunamuaga hapa Medan, mji aliotumwa kutoka Jakarta aje akae miezi sita tu, na ambao mpaka leo anadai yuko mbioni kuondoka.

Katika miaka hiyo amewatumikia mawaziri saba. Kila mmoja alikuja na mageuzi yake, na kila mageuzi yalianza kwa kuyapa jina jipya yale ya waziri aliyetangulia. Bu Wuri alikuwa akibadilisha jalada na kuyaacha yaliyomo yalivyo. Sisi wenzake tumekula wali wa manjano wa uzinduzi mara nyingi kuliko tulivyopanda magari yaliyozinduliwa, na vitambi vyetu ni ushahidi.

Wazo lake halikubadilika hata siku moja: gari liondoke kwa saa, si kwa kujaa. Hapa kwetu hilo lilikuwa sawa na kuipangia mvua ratiba. Angkot, vile vigari vyetu vya abiria, haviondoki mpaka vijae, kwa kuwa dereva asiyejaza gari hulala njaa. Abiria naye hapandi gari tupu, maana anajua litangoja. Basi dereva anamngoja abiria, abiria anamngoja abiria mwenzake, na jua linapanda.

Alipofika tu alitaka kujionea mwenyewe. Akaingia kwenye angkot katika kituo cha soko la samaki, akatulia na saa yake mkononi. Dereva alikuwa Bang Marolop Sihombing, yaani Kaka Marolop, mtu wa kabila la Batak mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alipomwona mama mtulivu, nadhifu, asiyelalamika, akajua Mungu amemkumbuka.

"Bu, wewe unakaa vizuri sana kwenye gari," alimwambia lilipojaa. "Hebu shuka uhamie la nyuma, watu wakikuona wataingia. Ndizi za kukaanga juu yangu!"

Bu Wuri akahama. Kisha akahama tena. Mpaka mchana alikuwa chambo cha kituo kizima, ameyajaza magari ya watu na hajaenda popote. Mtaalamu aliyeletwa kukomesha kungojana alishinda akingoja, na madereva walikubaliana kwamba hawajawahi kumpata mngojaji hodari kama yeye.

Urafiki wao ulianzia kwenye ndizi hizo. Miaka ilipita, mipango ikapitishwa, ikasahauliwa, ikapitishwa tena, hadi mpango wa taifa ukakubali wazo lake lijaribiwe Medan: mabasi mapya, na dereva alipwe kwa safari, si kwa vichwa vya abiria.

"Gari tupu liondoke?" Bang Marolop alimaka. "Bu, hiyo ni harusi bila bi harusi!"

"Liondoke, Bang. Hata ukiniona mimi nakimbilia mlango, niache."

Bang Marolop alicheka sana. Halafu akauza angkot yake na kujiandikisha kuwa dereva wa basi la kwanza. Mkewe hakucheka.

Siku ya uzinduzi, basi la kwanza lilipangiwa saa mbili asubuhi, na mgeni rasmi alikuwa naibu waziri. Ngoma zilikuwa tayari, utepe umevutwa mbele ya basi. Ng'ambo ya barabara madereva wa angkot walijipanga na glasi zao za kahawa, wakisubiri kucheka. "Watangoja tu hao!" mmoja alipaza sauti. "Mkubwa hajaja, gari litaondoka na nani?"

Saa ikakaribia. Mkurugenzi wetu wa wakati huo akamsogelea Bu Wuri jasho likimtoka. "Mwambie dereva avute muda kidogo. Mheshimiwa anamalizia duriani."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona Bu Wuri akiitazama saa yake. Alijua kwamba basi likingoja siku ya kwanza, litangoja siku zote, na Bang Marolop atakuwa ameuza angkot yake bure. Likiondoka, kazi yake mwenyewe imeota mbawa. Akaenda dirishani kwa dereva.

"Bang, saa ngapi?"

"Saa mbili, Bu."

"Sasa unangoja nini?"

Basi likaondoka na abiria wawili, wachuuzi wa samaki na matenga yao. Utepe haukuwa umekatwa, kwa hiyo likaondoka nao. Wapiga ngoma wakadhani hiyo ndiyo ishara, wakaanza kupiga. Ng'ambo ya barabara hakuna aliyecheka.

Mheshimiwa alifika muda si mrefu, harufu kali ya tunda hilo ikimtangulia, msaidizi wake nyuma na kikapu cha duriani zilizobaki. Msaidizi akawaka: dereva afukuzwe leo hii! Bu Wuri akasimama mbele yake. "Dereva ametii amri yangu. Mkimfukuza mtu, nifukuzeni mimi."

Naibu waziri akaitazama barabara lilikopotelea basi. "Linalofuata linakuja lini?"

"Baada ya dakika kumi, Bapak."

Akasimama kituoni kama watu wengine. Dakika kumi zikaisha, basi likaja. Ila duriani haziruhusiwi ndani ya basi. Kanuni hiyo pia ni ya Bu Wuri. Mheshimiwa akapanda, msaidizi akabaki kituoni na kikapu chake.

Bu Wuri hakufukuzwa. Alihamishiwa chumba cha chini, jirani na jenereta, mpaka waziri mwingine alipokuja na mageuzi mapya na kuuliza nani anayeyajua. Leo miji mingine kadhaa ina mabasi ya namna hiyo. Mingine bado inangoja gari lijae. Bang Marolop hajawahi kuirudia angkot, na mkewe siku hizi anacheka.

Leo basi la saa sita kamili, atakalopanda Bu Wuri kwenda zake, litapita getini kwetu, na Bang Marolop ndiye dereva. Ametutumia salamu: "Mwambieni Bu Wuri, asipokuwepo namwacha. Agizo ni lake mwenyewe."

Na sisi tumejipanga. Zawadi yetu ni kikapu kikubwa cha duriani, Bu Wuri, na unajua hakipandi basi. Itabidi ukae tukile wote mpaka kiishe. Tunakupenda, na hatukuwa na hila nyingine ya kukuchelewesha. Asante kwa yote. Mungu akupe afya, usingizi mnono na asubuhi zisizo na ratiba. La saa sita likikuacha, usihuzunike. Baada ya dakika kumi litakuja jingine.