Nilipotuma Salamu kwa Jina la Kaka

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa klabu hii ya salamu za redio, habari zenu. Nasoma kwenye karatasi kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia.

Nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani Madale. Mie si msemaji. Kadi za salamu ndizo zilikuwa mdomo wangu. Naandika pole pole, kadi moja jioni nzima, lakini ikisomwa redioni nacheka peke yangu.

Majibu yalikuja kwa sanduku la posta la duka moja pale Tegeta. Mnajua kadi haina bahasha. Siku moja nakuta wateja wameshasoma kadi niliyoandikiwa: "Changudoa wa hewani, wanaume wote hao unaowasalimu ni wa nini?" Mmoja akaniuliza, "Sista, bei mbona hujaandika?" Duka zima likacheka. Zikaja kadi nyingine za namna hiyo. Mama akasema, "Unajitangaza mwenyewe, ulitegemea nini?"

Nikaanza kutuma kwa jina la kaka yangu. Mwandiko ule ule, salamu zile zile. Ndugu zangu, nawaambia, matusi yaliisha wiki ile ile. Nikawa "braza", nikawa "mwenye busara".

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoanguka. Kulikuwa na mama mmoja wa Temeke, mjane, akituma salamu kila siku. Wanaume wenzangu, kama walivyodhani, wakaniandikia: "Braza, huyo malaya mzee anatujazia kipindi. Mnyamazishe." Nikaogopa wasije wakanishtukia. Nikaandika: "Mama wa Temeke, umekosa mume, sasa unatafuta redioni?" Mtangazaji akaisoma huku anacheka. Jina la yule mama halikusikika tena.

Ukapita mwezi mzima. Mwisho nikamwomba katibu wetu anielekeze kwake, nikaenda.

"Shikamoo mama. Yule kaka wa Madale ni mie."

Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. "Wewe? Mtoto wa kike?"

"Ndiyo mama. Nisamehe."

Kisha akasema, "Siku ile wanangu walikuwa wamekaa hapo, wanasikiliza. Mie ushaniambia. Kawaambie na wenzio."

Ndiyo maana nimesimama. Nilituma kadi ya kumwomba radhi, kwa jina langu, ikasomwa. Yeye amerudi hewani tangu wiki iliyopita. Matusi ya kunitukana mie nayo yamerudi, juzi kadi mbili. Sijaacha kuandika.

Namshukuru mama huyo kwa kunifungulia mlango. Namshukuru katibu kwa kutoniuliza maswali. Na mama yangu, ambaye juzi alizichukua kadi zile mbili pale dukani kabla hazijasomwa, akaniletea zimekunjwa.

Nilichojifunza ni kwamba tusi linauma vilevile hata likiandikwa na mwanamke mwenzio kwa woga.

Walioniita braza wamo humu ndani. Sitamtaja mtu. Nawaomba kitu kimoja: mkinijibu, nijibuni kama mlivyokuwa mkinijibu nilipokuwa mwanamume.